Shafti Niliyokataa Kuikata

Nanjala mwanangu,

Kondoo aliyefungwa nyuma ya jiko si wa kitoweo. Nimekuona mchana ukimpelekea majani ya viazi na kumwita majina ya mapenzi, ukidhani ameletwa ili tukuage kwa nyama. Ameletwa na baba yako mkubwa Makokha, na kazi yake ni ya kesho asubuhi kabla hujapanda basi la Eldoret. Achinjwe, tumbo lake lipasuliwe, upakwe yaliyomo kama ulivyopakwa ile mara ya kwanza, ili mkosi wanaosema unao usikufuate kwenye kazi yako mpya ya kuunganisha na kufunga trekta za watu. Makokha alikuja Jumapili kuniuliza kama nakubali. Niliitikia kwa kichwa, nikamwongeza chai.

Hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Wewe na mama yako mmekwenda kumuaga kukhu, nyanya yako, na kukhu hamwachi mtu atoke kwake bila kula, kwa hiyo nina muda wa kuandika. Mambo ya kufunga mlango, ya kupika, ya kuchagua marafiki, mama yako ameyasema wiki nzima mpaka kuku wa hapa nyumbani wangeweza kuyajibu. Sitayarudia. Mimi nina neno moja tu na linanuka. Wewe huna mkosi, na hukuwahi kuwa nao. Trekta niliivunja mimi, na nimelijua hilo tangu wiki ile ile ilipovunjika, miaka minne sasa.

Soma polepole. Nitaandika kila kitu kama kilivyokuwa, na mahali nitakapojaribu kujipamba utaniona, kwa sababu macho yako nayajua.

Unakumbuka jinsi nilivyokuwa nikijisifu. Miaka kumi na mitano nilivuta miwa kwa trekta, kutoka mashamba ya Kabras yote hadi kiwandani, na hakuna mtu kati ya Malava na Butali ambaye hakujua kwamba Shikuku ni dereva. Nilirudi nyuma na trela mbili zilizojaa miwa mahali ambapo wengine hawawezi kugeuza baiskeli. Hayo ni kweli. Ila nilichokuwa nikificha ni kwamba sijawahi hata siku moja kufunga trekta mpya. Zile za kazini nilizikuta zimesimama tayari, zimetiwa mafuta, zimekazwa nati, zimeunganishwa na vyombo vyake na mafundi ambao hata majina yao sikuyauliza. Kazi yangu ilikuwa kupanda na kushika usukani. Mtu anaweza kula ugali miaka hamsini na asijue mahindi yanavyopaliliwa, na mtu huyo alikuwa mimi.

Basi ikaja siku ya trekta yetu, ile iliyokula shamba letu la Mautuma nililoliuza. Ndogo, nyekundu, imefungiwa ndani ya kreti la mbao kama bibi harusi, magurudumu ya mbele yamelazwa pembeni, usukani umefungwa kwa karatasi. Pamoja nayo ikaja rotaveta ya kulainisha udongo, plau ya visahani viwili, trela, vyuma vizito vya kufunga mbele ili isiinue pua, mfuko mzima wa nati, na kitabu. Wewe ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unangoja matokeo. Wakati mimi natafuta nyundo, wewe ulitafuta kitabu.

Siku tatu tuliifunga pamoja, na leo nikizikumbuka najichukia, kwa sababu zilikuwa siku nzuri. Ulikaa juu ya mbao za kreti, kitabu mapajani, unanitafsiria kurasa moja moja. Ulizipanga nati kwenye sahani za bati za mama yako kwa ukubwa wake, na mama yako akanung'unika kwamba atapika nati. Tulipofunga magurudumu ulisema nati zake zikazwe kwa kupishana, na baada ya kazi ya siku ya kwanza zikazwe tena. Nilikuita injinia. Nililisema kwa kejeli, na wewe ukacheka kama mtu aliyesifiwa.

Tukafika kwenye shafti. Wewe unaijua kuliko mimi, lakini naiandika kwa ajili ya yeyote mwingine atakayeisikia barua hii. Ni chuma kirefu cha vipande viwili, kimoja kinaingia ndani ya kingine, na kinachukua nguvu kutoka nyuma ya trekta na kuipeleka kwenye rotaveta ili visu vyake vizunguke. Rotaveta ikiinuliwa au ikishushwa, vile vipande viwili huingiana na kuachiana. Ukanisomea ukurasa ule mara mbili.

"Baba, inasema shafti inakujanga ndefu makusudi, ndio itoshee trekta kubwa na ndogo. Mtu anapima, halafu anakata."

"Anakata nini?"

"Shafti."

"Hiyo kitu iko na siku tatu hapa. Kitu mpya haikatwangi."

"Baba, tusipokata, tukiinua rotaveta shafti itakosa mahali ya kwenda. Itasukuma gia."

Nikakuruhusu upime, kwa kukupendeza tu. Niliwasha injini mimi, wewe ukapanda kwenye kiti, nailoni yake bado inang'aa, ukashika ule mkono wa kuinulia. Unainua, unashuka na futi ya mama yako ya kushonea, unapima, unapanda tena, unashusha. Baada ya hapo ukachora mstari wa chaki kwenye kipande kimoja na mwingine kwenye kipande cha pili. Vidole vinne kila upande. Ukaenda ukachukua msumeno wa chuma, ukanipa.

Nikauweka chini. Sikuuweka chini kwa sababu ya kutokuelewa, maana nilikuwa nimeelewa kila neno. Niliuweka chini kwa sababu nilikuwa nimewaalika watu. Unajua kwetu jinsi watu wanavyokuja kuangalia kitu kipya. Hawaangalii tu, wanakagua. Wanainama, wanapapasa, wanatafuta mahali pa kuanzia maneno. Kwetu kitu kipya hakivuliwi nailoni hata kikae miaka. Nikawaza, wakiona chuma kimekatwa kwa msumeno watasema Shikuku ameuziwa mtumba uliopakwa rangi. Hilo tu. Nilitoa shamba la Mautuma nikapata mashine, kisha nikaogopa mdomo wa jirani kuliko mashine yenyewe.

Shafti ilipokataa kuingia, nilichimba shimo na jembe, nikaishusha rotaveta humo mpaka nafasi ikawa kubwa, kisha nikaipiga shafti nyundo mpaka ikaingia. Ulisimama pale unatazama. Ukasema, kwa sauti ya chini sana, "Ikiinuka itavunjika, baba." Nikakujibu uende jikoni ukawasaidie akina mama kumenya viazi, kwa sababu kesho yake ilikuwa sherehe. Ulikwenda.

Makokha alikuwa amepita siku ile unapima. Alitoka kusaga, gunia la unga begani, akasimama kwenye ua akakutazama umekaa juu ya kile kiti. Alicheka tu, akasema, "Shikuku, siku hizi mtoto msichana anakalianga kigoda cha baba yake?" Nami nikacheka. Wala sikumwambia ulikuwa ukifanya kazi gani pale.

Sherehe unaijua, lakini kuna vitu ambavyo huenda hukuviona kwa kuwa nilikufungia jikoni. Vile vyuma vizito vilivyopaswa kuwa mbele ya trekta vilitumika kushikilia kamba za tenti. Mimi mwenyewe niliamuru. Nilisema vikifungwa mbele vitaficha utepe wa sherehe. Mgeni wa heshima, yule mwalimu mkuu mstaafu wa ukoo wetu, alihutubia kwa saa nzima juu ya maendeleo. Mchungaji akaombea magurudumu, akaombea injini, akaombea adui zangu wote kwa jumla. Kwaya ikaimba. Hakuna hata mmoja aliyeombea shafti.

Nikapanda. Rotaveta niliitoa shimoni kwa kuiinua kidogo tu, nikaishusha kwenye lile shamba la mbele ya nyumba, na kwa hatua ishirini ilifanya kazi vizuri kuliko nilivyowahi kuona. Udongo ulitoka laini kama unga. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilipofika mwisho nikataka kugeuka mbele ya kwaya, nikavuta ule mkono rotaveta iinuke hadi juu kabisa huku visu bado vinazunguka, ili wavione vikizunguka hewani. Mlio ule sina neno lake. Nilihisi kiti kinanipiga kwa chini. Nyuma yangu nyumba ya gia, kile chuma kinachofunika gia, ilikuwa imepasuka, na mafuta yakamwagika juu ya udongo mpya yakiwa ya moto, yananuka. Kwaya iliacha wimbo katikati ya mstari.

Makokha ndiye aliyesema kwanza. "Nani alikalia hii kiti mbere ya mwenyewe?"

Mtu akajibu, "Msichana. Wewe si ulimuona?"

Na wazee wakaanza kutikisa vichwa, kwamba mwanamke hakalii kigoda cha mwenye boma, na kiti ni kiti, kiwe cha mti au cha trekta. Wewe ulikuwa umesimama kwenye mlango wa jiko, kiazi mkono mmoja na kisu mkono mwingine. Watu wote walikutazama wewe, na wewe ulinitazama mimi. Ulikuwa ukingoja. Ningesema neno moja tu lingetosha. Nikainama nikaiangalia trekta, nikajifanya na mimi naiuliza kulikoni.

Sitaki uniwazie kwamba labda siku ile sikuwa na hakika. Nataka nikuondolee hata hiyo. Siku ya pili alikuja fundi kutoka Webuye, wewe ukiwa umepelekwa kwa kukhu. Alilala chini ya trekta dakika chache tu. Akaitoa shafti, akaiweka kwenye nyasi, akanionyesha ncha zake zilivyobonyea.

"Mzee, hii haikukatwa."

Akaigeuza shafti.

"Na mtu alikuwa ameshaweka alama. Hapa, na hapa. Nani alipima?"

"Sijui," nikasema.

Nikatoa kitambaa changu cha mfukoni, kile cheupe cha kanisani, nikaufuta mstari wako wa chaki. Niliufuta mbele yake. Niliupangusa mmoja, nikaugeuza ule upande mwingine nikaupangusa na wa pili. Kisha nikamwambia fundi, mtu akikuuliza, sema chuma kilikuwa dhaifu. Alinitazama, akatema mate pembeni, akaendelea na kazi yake. Ningekuwa yeye ningenitemea mimi.

Kitambaa kile mama yako alikikuta kwenye nguo za kufua, kina chaki na grisi. Akaniuliza chaki imetoka wapi. Nikamwambia niliwaandikia watoto kanisani. Alikifua, akakianika, akakiweka upande wangu wa kitanda kikiwa na makunyanzi. Miaka ishirini alikuwa akinipigia pasi vitambaa, na tangu siku ile hajapiga hata kimoja. Nimekuwa nikienda kanisani na makunyanzi mfukoni, na sijathubutu kumuuliza kwa nini.

Halafu wakaja na kondoo wa kwanza.

Sitasema vibaya juu ya wazee hapa. Wanapoona kitu kimechafuka wanatafuta kukiosha, hiyo ndiyo mila waliyoachiwa, na wengi wao walikuja kwa huruma wakitaka upone. Mila haikukosea, ila ilidanganywa na mimi. Waliletewa mgonjwa asiye mgonjwa, na mwenye ugonjwa alikuwa ameshika mguu wa nyuma wa kondoo. Ndiyo, ulikuwa mkono wangu. Nilishika mguu ule kwa nguvu mpaka ukaacha kurusha. Wakapasua tumbo, wakachota yale majani yaliyosagika, ya kijani, yanatoa mvuke, wakakupaka kwenye paji la uso, kwenye mikono, kwenye miguu, kisha wakapaka boneti ya trekta. Harufu ile ilinikaa puani wiki mbili. Nilioga, nikabadilisha nguo, nikala, ikawa bado ipo. Mchungaji alikuwepo na aliangalia viatu vyake. Wewe ulifumba macho, hukulia, na tone moja la kijani lilishuka likasimama kwenye mdomo wako, nawe hukulipangusa kwa sababu ulikuwa umeambiwa usijiguse. Nililiona tone lile. Nilikuwa karibu nawe kuliko mtu mwingine yeyote.

Nikifikiria tone lile, nanajisika. Sijui neno jingine. Kuna watu hufanya ubaya kwa hasira au kwa ulevi, na wanaweza kusema hawakuwa wenyewe. Mimi nilikuwa mwenyewe kabisa, nina kiatu safi, na nilikuwa nikiwaza tu kwamba afadhali yaishe kabla wageni hawajaona njaa.

Fundi alirudi na nyumba mpya ya gia. Safari hii nilimwomba akate shafti, na akaikatia nyuma ya ghala ili mtu asione. Alipima mwenyewe. Kipande kilipoanguka nilikiokota nikakipima kwa vidole. Vinne. Trekta ikawaka, ikalima, na mpaka leo inalima. Watu wakasema, mnaona, tangu iliposafishwa haijasumbua tena. Basi kila shamba ililolima kwa miaka minne lilikuwa likikushuhudia uongo, na dereva wa trekta ni baba yako.

Nilidhani ni uongo wa siku moja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tunavyosema, lakini huyu mgeni wangu hakushika jembe. Alikaa akila, na alichokula ni jina lako. Mwenye mashine ya kusaga alianza kukuambia usimame nje ya mlango, debe lako likapokewa na mtu mwingine. Kwenye kikundi cha akina mama waliokuwa wakishona sare za kwaya, mmoja alifunika cherehani yake ulipoingia, nawe ukasema umekuja kuomba maji tu, ukatoka. Mama yako alinisimulia. Alinisimulia akinitazama, na mimi nikasema watu wana ujinga mwingi. Niliweza kusema hivyo na sauti isitetemeke.

Uliposema unataka kusomea ufundi wa mashine pale mjini Kakamega, ni mimi niliyesema mambo ya mashine yatakuletea maneno. Mwanangu, maneno yalikuwa yangu. Niliogopa utajifunza vizuri, kisha siku moja uje ulale chini ya trekta ile, uone shafti ilivyokatwa, uelewe. Mama yako ndiye aliyekupeleka. Na pengine umeshalala chini yake siku nyingi, umeshaona, na umeninyamazia. Kama ni hivyo, najua kwa nini tangu mwaka juzi ukiniita baba unaita kwa ufupi.

Sasa unakwenda Eldoret kuzitoa trekta mpya kwenye makreti na kuzifunga, na huo ndio ukweli unaonichekesha vibaya, kwamba wakubwa wako huko wanakulipa kwa kazi ile ile niliyokufukuzia jikoni. Juu ya kazi yenyewe sina la kukufundisha. Nina moja tu juu ya watu. Utampelekea mtu trekta yake siku moja na atakuwa ni baba kama mimi, shati limepigwa pasi, wageni wamekaa, na atakuambia kitu kipya hakikatwi. Usimbembeleze, na usirudi jikoni. Kata. Mwache akasirike mbele ya watu wake. Nimekasirika mara nyingi maishani na kila mara ilipita kabla ya jioni, lakini gia iliyopasuka haikupona kwa jioni moja, na wewe hujapona hata leo. Na kama pembeni kuna mtoto wake aliyesoma kitabu, mpe futi apime mbele ya baba yake.

Ningeishia hapo nionekane mtu aliyetubu. Lakini nilikuahidi kutojipamba, kwa hiyo nikuambie nilikotoka saa hizi.

Mlipoondoka tu nilikwenda kwa Makokha. Alikuwa amekaa kibarazani anapukuchua mahindi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kuuliza habari za ng'ombe. Nikamwambia juu ya shafti, juu ya alama, juu ya kitambaa. Alipukuchua gunzi zima bila kuniangalia.

"Na sasa unataka tufanye nini?" akasema. "Watu washazoea."

"Nataka kesho kondoo asiguswe. Au achinjwe aliwe tu. Na nataka kusema mbele yao."

"Shikuku, mimi ndio nilisema ni mtoto. Mimi, na hii mdomo yangu. Ukisimama useme ni wewe, mimi nitaficha uso wapi?"

"Nanjala aliuficha wapi?"

Aliliweka gunzi chini. Kisha akasema kwa upole, na upole ule ndio uliniumiza, "Rakini msichana anaenda. Akishaenda hii maneno itaisha yenyewe. Wacha tumpake kidogo tu, mkono moja, wazee watulie. Haitamuua."

Na unajua nilijibu nini? Baada ya miaka minne, baada ya kutembea mpaka pale nikijiapia njia nzima? Nilisema, "Tutaona."

Tutaona. Nimerudi nyumbani na neno lile mdomoni kama nimemeza nzi. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Ningekuwa mtu wa kuaminiwa ningengoja asubuhi nikasema kwa mdomo, na barua isingehitajika. Lakini mimi najijua sasa. Najua miguu yangu inavyokuwa mizito wazee wakikaa, na najua jinsi ninavyoweza kuangalia pembeni mwanangu akiningoja niseme.

Kwa hiyo barua hii sitaitia kwenye begi lako uikute Eldoret. Barua ya kusomwa mbali ingekuwa njia nyingine ya kufuta chaki. Nitakupa mkononi leo mkirudi, mama yako akiona, na utaisoma kabla ya kulala.

Kesho saa kumi na mbili watakuwa wamekaa pale uani. Nimekusudia kusimama kabla mchungaji hajafungua kinywa. Nikisimama nikasema, iweke barua, fanya nayo upendavyo, hata uwashie moto. Lakini ukiona nimeanza kusalimia watu mmoja mmoja, nimeuliza mvua imenyesha vipi upande wa Malava, nimemwita Makokha aseme kwanza kwa kuwa ni mkubwa wangu, usiningoje tena. Umeningoja vya kutosha. Simama wewe uwasomee. Soma kwa sauti, soma kila mstari, usinionee huruma popote. Wakikuambia msichana hasemi mbele ya wazee, waambie anayesema si msichana, ni mwenye boma, na hapa chini ameandika jina lake. Nitakuwa nimekaa katikati yao na sitakukatiza.

Mimi niliyeivunja,
Shikuku, baba yako.